Salamu Kwenye Daftari la Zamu

Ikoma, Jumapili

Kwa Tata, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta unatembea, na lile goti halikusumbui kama lilivyokusumbua nilipokuwa nyumbani. Mama bado anakohoa? Mahindi ya kule mtoni mmeshapalilia, au mvua imewakimbiza? Huku imenyesha wiki nzima. Magari ya watalii yanakwama, na sisi wa chumba cha kufulia hapa kambini tunafua matope ambayo hata ng'ombe angeyakataa.

Mimi ni mzima wa mwili na kazi ninayo. Nalisema mapema ili usiisome barua kwa woga ukitafuta mabaya yako wapi. Mabaya yenyewe ni ya Nyangi, yule mwenzangu wa Machochwe niliyelala naye chumba kimoja miaka miwili, ambaye uliongea naye kwenye simu ukamwita binti yako. Ameungua mkono, ameondoka kambini, na sababu ni maandishi yangu. Kwenye simu ningelia, na mtandao huku unapatikana ukisimama juu ya jiwe moja tu, mbele ya watu. Ndiyo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Tuna daftari la zamu. Anayetoka anaandika hali ya mashine, anayeingia anasoma, anatia sahihi, anaanza kazi. Siku ile niliona bomba la maji ya moto linavuja kwenye kiungio, nikajua halitashika. Fundi alikuwa mjini Mugumu, na mimi mchana huo huo nilikuwa napanda gari la mahitaji kwenda mapumziko yangu ya siku mbili. Nyangi alikuwa anarudi kutoka ya kwake, tungepishana njiani. Basi nikakaa nikamwandikia kwa adabu zote. Nikampa pole ya safari, nikamuulizia mama yake na watoto wa kaka yake mmoja mmoja kwa majina, nikamwambia sisi tuliobaki hatujambo, mashine zote nzima, sabuni imeletwa, mashuka ya hema la nne yamekauka. Ukurasa ukaisha. Nikageuza, nikaandika nyuma: ila bomba la maji ya moto ni baya kidogo, usifungue koki mpaka fundi aje.

Unajua nilikojifunzia, Tata. Bibi alipofariki ulinichukua twende kumwarifu shangazi. Ulikula ugali wake, ukauliza habari za ng'ombe, ukausifia ukuta mpya, na mwisho kabisa ukasema mama anaumwa kidogo. Shangazi alikuwa ameshajifunga kanga kiunoni, machozi yanamtoka. Kwetu habari mbaya inatembea polepole, na msikilizaji anaisubiri mpaka ifike. Sikufikiria kwamba mtu aliyesimama mbele ya mashine, na vikapu vya nguo vinamsubiri, hana muda huo.

Nyangi alisoma ukurasa wa mbele, akatia sahihi, akafungua koki. Bomba likachomoka. Maji yalimpata mkono wa kulia mpaka kwenye kiwiko. Niliporudi nilikuta kitanda chake hakina shuka, na daftari limefunguliwa pale pale, sahihi yake iko chini ya maneno yangu kwamba mashine zote nzima.

Meneja alinipa fomu ya ajali. Sehemu ya chanzo ina mistari miwili tu. Mama mmoja wa ofisini alinihurumia, akaninong'oneza, "Andika hakugeuza ukurasa. Si uongo." Kweli si uongo. Nilishika kalamu mpaka vidole vikauma, nikaandika: Niliweka hatari nyuma ya ukurasa. Nikapewa barua ya onyo, ipo kwenye faili langu.

Baada ya hapo tukaletewa mwalimu, Mwalimu Saida wa Mugumu, Jumanne na Ijumaa kwenye hema la chakula. Anatufundisha kusoma karatasi za kazi, za Kiswahili na za Kiingereza: fomu, maelezo ya kwenye madumu ya dawa, ratiba, daftari. Anasema hatari inakaa mstari wa kwanza, kisha mahali, kisha usifanye nini. Siku ya kwanza alituuliza, "Moto ukiwaka, mtasalimiana kwanza?" Mzee mlinzi wa getini akajibu taratibu, "Inategemea. Kama ni mkubwa wangu?" Tulicheka wote, hata mimi, ndipo nikamtafuta Nyangi kwa macho nicheke naye.

Jumatano nilipanda bodaboda mpaka Machochwe. Njia nzima nilikuwa napanga sentensi fupi, za darasani. Mama yake alikuwa anaanika mtama. Nilimpa shikamoo, na kabla hata hajanikaribisha kiti nikasema, "Mama, ni mimi niliyesababisha Nyangi aungue. Naomba mnisamehe."

Alinitazama kama mtu niliyemwingilia ndani na viatu vya matope. "Keti kwanza, mwanangu," akasema. "Kwenu hawajambo? Mvua ipo?" Nikaketi. Nikala. Nikamwambia mvua ipo.

Nyangi alitoka ndani mkono umefungwa bandeji, vidole viwili bado havikunjiki. Alikula kwa kijiko, kwa mkono wa kushoto. Tukaongea habari za ng'ombe, Tata, muda mrefu. Aliponisindikiza barabarani ndipo nikamuuliza kwa nini hakugeuza.

"Niliona umemuulizia mama yangu," akasema. "Na wale watoto kwa majina. Nikarudia hapo mara mbili. Kule kambini nani mwingine alikuwa anamuulizia mama yangu? Nikatia sahihi pale, nimefurahi, nikaenda kufungua maji."

Hana kinyongo na mimi. Amesema hivyo na namwamini. Lakini harudi, mama yake hataki, na yeye mwenyewe akisikia maji yanachemka anatoka nje.

Ameletwa mwenzangu mwingine kutoka mbali, dada mpole, hasemi sana, na hatuna lugha moja zaidi ya Kiswahili cha kazi. Anaandika: Mashine ya pili haikamui. Usiitumie. Na mimi namwandikia hivyo hivyo. Mwalimu Saida amelisifu daftari letu mbele ya darasa. Linasomeka kwa dakika moja na hakuna aliyeungua tena. Wala hakuna anayeniuliza kama ninyi hamjambo. Nimebaki mpweke, Tata, sitalizungusha hilo.

Mwambie Mama anywe ile dawa, asingoje kikohozi kimchoke. Nisalimie baba mdogo fundi baiskeli, na wifi, mke wa kaka, nasikia mtoto ameanza kukaa. Kwa bibi mzaa mama peleka shikamoo mbili, moja ni ya sikukuu niliyokosa.

Nimekuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikurya chetu sijawahi kufundishwa kukiandika. Wewe ukinijibu, tumia lugha yoyote, ila usinifupishie. Uliza nimelalaje, nitajie ng'ombe kwa rangi zao, niambie nani kapita hapo nyumbani na kaketi wapi. Yakiwepo mabaya, yaweke popote unapotaka. Nitageuza kila ukurasa.

Ni mimi mwanao,
Bhoke