Mlango wa Mama Yako Umegoma Kutoka

Mpendwa binti yangu Kavira,

Kosa la wengi mbele ya bawaba iliyoganda ni kukimbilia nyundo. Wanasahau kwamba mlango mzito wa gari unaning'inia kwenye buloni, zile bolti za bawaba. Usipoubeba kwanza, unapigana na uzito, si na kutu. Mimi sikukosea hapo. Niliweka jeki na ubao chini ya mlango. Nikapaka mafuta mepesi, nikayaacha yapenye. Nikakaza kila buloni kidogo kabla ya kuilegeza, maana kutu huvunjika ikisukumwa upande isioutarajia. Buloni zote zikatoka.

Na mlango bado umeng'ang'ania.

Jana uvumilivu uliniishia, nikachukua nyundo. Mama yako akapaza sauti kutoka jikoni: "Muzee, unatengeneza gari ao unaua nyoka?" Nikamwambia aninyamazie. "Miye ninyamaze? Mutaa yote ya Katoyi iko nasikia ile matusi yako!"

Ndipo nikakwangua rangi kuzunguka bawaba. Chini yake nikakuta mshono wa chuma uliochomelewa, mnene kama kidole. Nikajua ni mkono wako.

Unakumbuka ile Jumapili mbele ya parokia, mama yako alipofungua mlango ukamwangukia miguuni? Wanakwaya walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe ulikuwa umetoka tu shule ya ufundi, ukauchomelea mlango huo bila kuniuliza. Jioni ukaja umejaa masizi: "Papa, haitaanguka tena, hata mulima utapike moto!" Nilikusifu mbele ya wageni.

Lakini Kavira, buloni iliwekwa pale kwa sababu. Kinachofungwa leo, kesho kuna mtu atahitaji kukifungua. Majivu ya mlima yameila nguzo ya mlango kwa chini, na siwezi kuiziba mlango ukiwa mahali pake. Fundi mmoja wa Keshero anataka tukate kwa mashine. Akikata pasipofaa, nguzo itapasuka, na nguzo ya gari la umri huu sijui nitaipata wapi hapa Goma.

Gari hili si mchezo wa mzee aliyestaafu. Nyonga ya mama yako haikubali tena pikipiki juu ya mawe haya ya lava. Misa anaisikia redioni, amevaa kitenge chake kizuri, ameketi wima kama yuko kanisani. Mimi hutoka nje nijifanye natafuta spana.

Njia ziko jinsi zilivyo; siwezi kukuambia uje kutoka Kisangani. Nimekukasirikia kweli, na kinachoniudhi zaidi ni kwamba hupo nikugombeze uso kwa uso, kisha tule pamoja.

Mungu akulinde huko, na mikono yako hiyo yenye haraka. Ukisoma haya, kabla hujaanza kazi, nipigie simu uniambie ulichomelea wapi na wapi.

Papa yako