Marafiki Waliohitaji Maombi

Dada yangu mpendwa,

Huku tuko salama. Wifi yako anashona sare za shule, na nyuzi zimejaa hadi kwenye soksi zangu. Mtoto wa mwisho ameng'oka jino, na amelihifadhi ili akuonyeshe shangazi yake.

Uliniuliza kama bado naezeka mapaa. Naezeka. Ila mwezi uliopita nilikuwa juu, bati mkononi, moyo ukaanza kwenda mbio na pumzi ikanibana. Nikashuka, nikasingizia tumbo. Tumbo hilo nimelisingizia mara nne sasa.

Basi, kikundi chetu cha maombi cha wanaume hukutana Jumamosi katika darasa la watoto kanisani. Tunakalia viti vyao, magoti karibu na kidevu. Nikajikaza: "Ndugu zangu, nina rafiki anashikwa na hofu kazini. Tumwombee."

Dereva wa lori, yule mwenye shingo kama gogo, akakohoa. "Hata mimi ninaye wa hivyo. Yeye hushikwa akifika darajani."

Mwalimu naye ana rafiki. Mzee wa kanisa naye ana wake, hapati usingizi. Ndiye aliyetuombea: "Bwana, hao marafiki zetu unawajua kwa majina."

Tulipotoka, dereva akanishika bega. "Jumamosi ijayo mwambie rafiki yako aje mwenyewe. Wangu nitamleta."

Jana marafiki wote walikuja, dada, na hatukuongeza hata kiti kimoja.

Ni mimi mdogo wako,
nisiyeumwa tumbo.