Mafunzo ya Wiki ya Mavuno

Sumbawanga, Jumanne

Kumbe kosa lilikuwa langu. Leo tumeanza mafunzo kazini ya usimamizi wa miradi, na mkufunzi akasema kabla ya kupanga tarehe, waulize kwanza wahusika. Wenzangu waliandika. Mimi niliishia kuitazama kalamu.

Mafunzo ya kuhifadhi mahindi kwa kikundi cha kina mama kule Msanzi niliyapanga mimi, tena wiki ya mavuno. Hakuja mtu. Kwenye ripoti nikaandika kwamba wale kina mama ni wavivu, na mradi ukahamishiwa Chala.

Jioni nimempigia mwenyekiti wao, Mama Sikazwe. Nikamwamkia, nikaomba msamaha.

"Yameshapita, mwanangu. Siku zile tulikuwa shambani. Mahindi yenyewe yote yameliwa ghalani na wadudu, dumuzi."

Kisha akauliza mafunzo yatarudi lini. Nimeshindwa kumwambia kwamba hayarudi.