Mjomba Amejifungua

Nyumbani, chumba cha mbele penye cherehani
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Na mgongo je, bado unakusumbua ukikaa sana kwenye lori? Sisi huku wazima kabisa. Macho yangu tu ndiyo yameanza kukataa kutunga uzi, lakini nikivaa miwani siogopi kitu. Shemeji yako hajambo, na tumbo lake halijambo zaidi.

Kama umeshika chai iweke mezani kwanza. Mjomba amejifungua.

Si wewe, ni yule panya wa maabara. Unaukumbuka utafiti wa mpwa wako: kundi moja la panya wanakula chakula chenye mafuta ya kawaida, na kundi la pili chakula hichohicho, ila kimetiwa asidi moja ya mafuta, ile inayopatikana kidogo kidogo kwenye maziwa na nyama ya wanyama wanaocheua. Alitaka kuona kama itawapunguza mafuta mwilini, na itazifanya nini jeni zao.

Mimi nilidhani jeni ukishazaliwa nazo ndiyo basi. Akanieleza huku nikipinda suruali ya mteja: jeni zenyewe ni zilezile, ila chakula kinaweza kuzifanya baadhi zichape kazi na nyingine zipumzike. Ni kama taa za nyumba, waya haubadiliki lakini si lazima ziwake zote. Nikaelewa, na suruali nikaipinda upande.

Basi kundi la pili likaanza kukonda kweli, isipokuwa mmoja. Huyo kila akipimwa mizani inapanda. Ndiye tuliyempa jina lako, na usinune, tulifanya hivyo kwa mapenzi.

Lakini mwenzangu, kicheko kiliisha. Shahada nzima ya mtoto ilitegemea kazi hiyo, na panya mmoja anamvurugia matokeo yote. Mwenzake wa maabara akamshauri amtoe kimyakimya, nani atajua. Ndipo alipokupigia simu. Mimi nilimwona tu akitoka chumbani anafuta machozi, sikujua mmezungumza nini. Kumbe ulimwambia, "Usimtoe kwa sababu ni mnene. Mtoe ukishajua kwa nini."

Aliponisimulia, nilikukumbuka ulivyokuwa ukitolewa kwenye timu hata mpira haujaguswa, nawe unakaa pembeni kutushangilia. Nilisimamisha cherehani nikalia kidogo.

Akamwacha. Asubuhi moja anafungua kizimba, anakuta vitoto vyekundu vimejazana kwenye maranda, na Mjomba kavilalia kama mzazi mzoefu. Kimya kingi kina mshindo. Panya wote waliletwa kama madume na wakaandikwa madume, halafu sisi tukaongezea jina la kiume. Mtu ukishamwita Mjomba, nani tena atamchungulia? Profesa mwenyewe alishalipapasa lile tumbo akasema mafuta haya ni magumu. Sasa akimwona mpwa wako kwenye korido anaanza kucheka kabla ya salamu.

Hapo Mjomba akatolewa kwenye hesabu mchana kweupe, na sababu ikaandikwa. Waliobaki walitoa jibu safi: mafuta mwilini yamepungua, jeni za kuyahifadhi zimelegeza kazi, za kuyachoma zimekaza. Ila maini yao yalivimba kwa mafuta, na hilo nalo hakulificha.

Ijumaa akaitwa mbele ya watahini. Nilikaa nyuma kabisa. Mmoja wao, mkali hasa, akataka kujua kwa nini panya mmoja hayumo. Akajibiwa alikuwa mjamzito, chumba kizima kikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akauliza, na asingejifungua je, ungemtoa?

"Hapana," mtoto akasema. "Mjomba wangu alinikataza. Angebaki, na mimi ningesema sijui kwa nini."

Yule mzee mkali akafunga kalamu yake. Amefaulu, mdogo wangu. Nimefurahi mpaka nimeshona mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la watu.

Shemeji yako aliposikia kuna mafuta yanayokondesha, akaanza kupaka siagi mpaka mkate hauonekani. Mpwa wako akamwambia binadamu si panya, na siagi haina kiasi kile walichopewa. Akaitikia vizuri, akaongeza siagi.

Nisalimie sana wifi yangu na wanangu wote huko. Yule wa mwisho mwambie shangazi amesikia ameota meno. Mjomba naye anakusalimu, bado ananyonyesha. Mungu akulinde barabarani na akurudishe salama.

Suti yako nimeshaikata. Vipimo sikuuliza, nimeacha kitambaa cha kutosha kiunoni. Siku ya kuvaa joho, mpwa wako anasema utakaa mstari wa mbele kabisa. Safari hii hakuna wa kukutoa.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Fundi