Daktari Kwanza, Mgonjwa Baadaye

Shangazi Cheon, nisaidie maana hata kula kumenishinda. Ninaandika programu za hospitali hapa Pangyo, na bosi wangu, Kiongozi Pyo, ndiye aliyenitafutia kazi hii, hata baba alipofariki alisimama nami msibani, sasa yeye, zamani, aliandika kipande cha programu kinachojipenyeza chenyewe kwenye kazi zetu zote, majibu ya maabara yakitoka kinakamata jina lililoandikwa kwanza na kuyatuma kwa mwenye jina hilo, kwa kuwa kwake jina la kwanza ni la daktari tu, mkubwa hutangulia, nani asiyejua, na sisi aliotulea kazini tukaandika hivyohivyo bila kuambiwa, mpaka akaja Mok Da-eun kutoka kampuni nyingine akaandika jina la mgonjwa kwanza, kompyuta isilalamike, na mama mmoja akasoma habari za saratani yake kwenye simu, ndani ya treni, kabla daktari hajajua. Kwenye chakula cha timu Kiongozi akamwambia, "We binti, kwenu hamfundishwi kutanguliza wakubwa?" tukacheka, na mimi nikacheka, naye Da-eun akammiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, kama amiminiwavyo mkubwa. Ijumaa Da-eun anafukuzwa kwa kosa hilo. Nimekifungua kile kipande, kosa nimeliona. Nikisema namuumbua aliyenilea, nikinyamaza je?

Yeom Su-gyeong

Su-gyeong mwanangu, pole. Fadhila si kitu cha kutupa. Lakini usinizungushe: jibu unalo, kwangu umekuja kuomba ruhusa ya kunyamaza, na hupati.

Kompyuta haijui adabu. Ukiiambia ikamate jina la kwanza itakamata hilohilo, liwe la daktari au la muuza kimchi sokoni. Aliyekosea ni aliyekifunga kipande kwenye nafasi ya jina badala ya kwenye mtu mwenyewe, na Da-eun hakuambiwa na yeyote kwamba daktari hutangulia. Kesho mwonyeshe Kiongozi Pyo, wawili tu, mlango umefungwa: weka jina la mgonjwa wa majaribio kwanza, muone majibu yanakwenda wapi. Mwambie, "Bosi, kosa hili liseme mwenyewe kabla ya Ijumaa." Akilisema, heshima yake imebaki. Asiposema, simama mkutanoni useme wewe. Kisha kirekebisheni kihakikishe jina ni la daktari kabla hakijatuma chochote.

Na hili limeniudhi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umemtaja kwanza bosi, akafuata marehemu baba yako, Da-eun ukamfikia umeshachoka. Unafanya kilekile kinachofanywa na kile kipande: anayetangulia ndiye unayemhesabu. Leo, kabla ya bosi, mpigie Da-eun kwanza.