Papa Edmond na wingu jekundu la upande wa Moba

Mwaka umetimia, Papa Edmond, tangu Bwana akuite baada ya siku mbili tu za homa, na karakana yako hapa Kalemie ingali inanukia mbao.

Ulikuwa seremala mpole. Kila jeneza la mtoto ulilipiga randa mwenyewe, ukisali.

Lakini siku za giza zisizo na mwezi, zile za wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, ulitoka uani na kamera yako kuukuu na mbao mbili ulizounga kwa bawaba. Ulizungusha skrubu ya kuzitanua kidogo kidogo kwa mkono ili kamera ifuate nyota. Ulitaka kupiga picha wingu la gesi lililo kati ya nyota, linalong'aa lenyewe, jekundu, upande wa Moba. Picha moja haikutosha. Ulikusanya nyingi, uje uzipange moja juu ya nyingine kwenye kompyuta ya mdogo wako Toussaint.

Mke wako, Mama Evodie, alikuita ule bukari, ugali wetu, ikiwa moto. Hukuachia skrubu.

"Niko nakuja, mama. Dakika tatu tu."

Bukari ilipoa. Jirani Cécile akamwambia, "Mama Evodie, mbanda yako ametoka. Leo tena utakula peke yako." Mke wako akacheka naye, lakini moyo ulimwaka. Mbanda, yaani mke mwenza, wa hapa duniani angemwendea, amwambie yake usoni. Huyu wa angani angemfikia wapi? Hata rozari ilimshinda. Katikati ya Salamu Maria alijikuta akijiuliza ni lini ulimtazama yeye dakika tatu bila kugeuka.

Mwezi wa tano, usiku wa mwisho uliouhitaji, aliweka taa ya sola mlangoni, ikamulika ua wote. Ulifunga vitu vyako, ukaja kula, ukazisifu ndagala zake. Alifurahi. Wiki iliyofuata tulikuzika.

Mama Evodie hakuwa amesoma. Akaanza masomo ya jioni parokiani ili asome daftari uliloandika kila usiku wa picha, ajitafute humo. Wingu lilikuwa kila ukurasa. Yeye mara moja tu: "Taa mlangoni. Picha imeharibika. Evodie alisahau. Nisimwambie, atahuzunika."

Hakusahau, Papa Edmond. Alijua kabisa. Kwa padri ameungama. Leo anaungama kwako, na wanaosoma wasikie.

Wivu bado anao, akifikiri sasa uko karibu na wingu lile. Kila asubuhi anamwomba Mungu amwondolee, au akuweke upande mwingine wa mbingu.

Wanaokukumbuka: mke wako Evodie, watoto wako Joëlle na Elysée, na mdogo wako Toussaint. Siku zote utabaki wetu.