Uso wa Tindo

Jumatatu, 6 Oktoba

Barua kumi na moja, zote zimegongwa muhuri kabla ya saa nne. Chai ya ofisi ilikuwa maji matupu. Kisha mchoraji akaleta nakala ya kwanza ya bango la filamu yetu, akaiegemeza ukutani mbele ya meza yangu. Tangu hapo sijafanya kazi ya maana.

Bango lote ni uso wa Dan Tindo, mchekeshaji ambaye hata watoto wa Ruiru humwigiza. Katika filamu yumo dakika nne. Ni mlinzi. Anafungua geti, anasema maneno matatu, anakwenda zake. Wairimu, msichana wa Kalimoni aliyeacha kushona sare za shule ili aigize, yumo tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwenye bango yuko nyuma ya sikio la Tindo. Nimempima kwa rula. Sentimita tatu.

Madam Njoki, mwenye studio, amelipenda. "Hii ndiyo sura ya kutoa watu wa mtaa wa Membley majumbani wakati wa mapumziko yao," alisema. Mimi ni karani. Huu ni mwezi wangu wa tatu wa majaribio, na ndio wa mwisho.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilifungua faili ya Tindo kutafuta namba yake ya simu tu.

Mkataba, kifungu cha tisa: uso wake usiwe mkubwa kuliko wa mwigizaji mkuu kwenye tangazo lolote. Ukikiukwa, anaweza kuzuia filamu isionyeshwe.

Tatizo ni mimi. Madam hasomi mikataba. Husoma muhtasari ninaomwandalia, ukurasa mmoja kwa kila mwigizaji, kwa sababu wa pili hataki kuuona. Muhtasari wa Tindo ulikataa kuenea ukurasa mmoja. Nikafuta mistari miwili ya mwisho, ya kifungu hicho cha tisa. Niliona ni jambo dogo.

Mabango yatachapwa Thika Ijumaa asubuhi. Chakula cha mchana sijakigusa.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeenda mlangoni kwa Madam mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa kwenye simu. Mara ya pili nilimwuliza kama anataka chai. Mara ya tatu nilirudi kabla ya kubisha. Miaka minne ya chuo kikuu, na hiki ndicho nilichohitimu.

Nimewaza kuichana karatasi ya kifungu cha tisa. Naliandika wazo hilo hapa ili nilionee aibu. Nimelionea.

Jioni nilipitia Mugutha kwa senje, dada yake baba, aliyenipokea nilipotoka Bungoma. Nikamwonyesha picha ya bango kwenye simu. Akaisukuma mbali.

"Huyu tena? Sinema yake ya mwaka jana tulienda na akina mama wote wa kanisa. Tukamngoja. Akatokea, akapiga chafya, akapotea! Nilimtukana kutoka Thika mpaka kwa huu mlango."

"Ulimtukana yeye, senje, au wenye filamu?"

"Wenye filamu nawajulia wapi? Nilimtukana yeye."

Sasa najua kifungu cha tisa kilitoka wapi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimesema.

Niliingia bila kubisha, la sivyo ningerudi tena. Nikaweka mkataba mezani na kidole kwenye kifungu. Madam alisoma mara mbili.

"Ngai! Na kwa muhtasari hakikuwa?"

"Nilikifuta mimi, Madam. Ukurasa ulikuwa umejaa."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali. Alipiga simu kwa Tindo, akaiweka kwenye spika, akaisukuma upande wangu. "Mwambie wewe."

Nikamwambia yote. Kisha Tindo akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa. "Karani, wewe ndiye wa kwanza kukisoma. Nilikiweka baada ya mama mmoja kunifukuza sokoni na fungu la sukuma wiki. Bango hilo likitoka, nawazuia. Lakini asante kwa kuniambia mapema."

"Basi tutauzaje?" Madam alisema. "Wairimu ni nani? Hata Juja hawamjui."

Nilikuwa na mchoro wa penseli, niliouchora usiku nyuma ya barua ya zamani. Geti limefunguliwa. Tindo pembeni, mdogo, mkono kwenye komeo. Wairimu anaingia, amelijaza bango. Nikauweka juu ya mkataba.

"Tindo ndiye anayejulikana," nikasema. "Amfungulie asiyejulikana."

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Madam aliutazama mchoro, akamwita mchoraji. Kuhusu kazi yangu hakusema neno.

Ijumaa, 10 Oktoba

Thika, kwa wachapaji. Nimesimama hapo na rula. Wairimu sentimita hamsini na mbili. Tindo kumi na tisa!

Tindo naye amejirekodi video kwa simu na kuituma kila mahali: "Filamu hii mimi nafungua geti tu. Ukinijia mimi utarudi nyumbani mapema. Njoo umwone ninayemfungulia." Kufikia saa nane vijana wa boda hapa Ruiru walikuwa wakipigiana kelele, "Fungua geti!"

Bado naogopa. Lakini leo nimekula chakula chote.

Jumapili, 19 Oktoba

TUMESHINDA. Nimeandika kwa herufi kubwa na sioni haya.

Jana, Thika, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Tindo alipotokea, ukumbi mzima, wazee kwa watoto, "Fungua geti!" Akafungua. Akaenda. Hakuna aliyeguna. Wote wakamgeukia Wairimu, na kuanzia hapo ukumbi ulikuwa wake. Filamu ilipoisha waliendelea kuketi. Kisha makofi, na hayakukoma.

Wairimu alishindwa kufika mlangoni. Watu ambao saa tisa hawakujua jina lake, saa kumi na mbili walikuwa wakiliita. Mama yake alilikunja bango moja na kulibeba kama mtoto. Senje alikuja na akina mama wa kanisa, mstari mzima. "Mwambie Tindo nimemsamehe," alisema.

Madam alipita karibu nami kwenye msongamano. Akanipiga begani mara moja, kwa nguvu. Bado panauma. Nimefurahi panauma.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua kidogo asubuhi. Barua saba.

Mihtasari ya filamu ijayo nimeifanya kurasa mbili kwa kila mwigizaji. Madam alinung'unika. Kisha akavaa miwani akasoma zote mbili.

Alasiri nikakuta barua moja zaidi kwenye trei yangu, ya kugongwa muhuri na kuwekwa kwenye faili. Jina juu yake ni langu. Ajira ya kudumu.

Nimeisoma mpaka kifungu cha mwisho. Nikarudia toka mwanzo, polepole. Kisha nikachukua muhuri.